Darlys Kopecky na Gari la Nyuma

Mtu aliyeendesha basi la shule kwa miaka thelathini na mmoja, kwenye theluji ya Nebraska, bila mtoto hata mmoja kuchubuka goti, kwa nini aulizwe mume wake yuko wapi kila anaposhika spana?

Kama una jibu, mpelekee Darlys Kopecky. Yeye amelitafuta, hajalipata.

Darlys ana miaka sitini na saba. Ni mfupi, mnene wa mabega, na anatembea kama mtu anayekwenda kuzima moto. Miaka yote ile ya basi aliamka saa kumi alfajiri, na kabla ya kumpakia mtoto wa kwanza alilizunguka basi na tochi mkononi, akigusa kila kitu kwa kidole na kukitaja kwa sauti: taa, tairi, breki, kioo, mlango wa dharura. Wanafunzi wa madarasa ya juu walimwigiza, wakigusa vitu vyao na kutaja, "Daftari! Kalamu! Pua!" Aliwaacha wacheke. Basi lake halikuwahi kuangukia mtaroni, hata ule mwaka ambao mabasi manne ya wilaya yalikwenda huko siku moja.

Alipostaafu, yeye na mumewe Ardell waliuza nyumba, wakanunua gari-nyumba lenye kitanda, jiko na choo, wakaanza kuhama na majira kama maelfu ya wazee wenzao. Baridi ikianza, jangwani Arizona. Joto likizidi, maziwa ya kaskazini. Nyuma ya gari-nyumba walikokota gari dogo, likitembea kwa magurudumu yake yote manne, maana huwezi kuliamsha jumba zima kwenda kununua mkate. Kazi ya kulifunga ilikuwa ya Ardell. Ya Darlys ilikuwa kukaa kwenye usukani, kuwasha taa akiambiwa awashe na kuzima akiambiwa azime. Ndivyo ilivyo kwenye kambi zote za wazee wa magari-nyumba, na hakuna aliyewahi kusimama akauliza kwa nini mwanamke aliyevusha watoto sitini na wanne kwenye barafu asiaminiwe kuchomeka pini mbili.

Kisha moyo wa Ardell ukasimama, asubuhi moja, akiwa anakunja viti. Mwili wake uliteketezwa kama alivyousia, na Darlys akaendelea na safari akiwa na majivu yake ndani ya kopo.

Mwanawe Trent, mkazi wa Omaha, hakupenda. Alikuwa amemtengenezea mama yake chumba chini ya nyumba yake, chenye zulia na dirisha moja dogo lililo usawa wa nyasi.

"Mama, umri huo si wa kuvuta magari barabarani," alimwambia kwenye simu.

"Ni wa nini? Wa kukulelea watoto bure?"

"Usinigeuzie maneno. Tuwekeane ahadi. Kosa moja, Mama. Moja tu la hatari, uniambie mwenyewe, uuze hilo gari, uje huku."

"Nikikosa, nakuja."

Alilitamka hilo bila wasiwasi wowote, na hapo ndipo alipojifunga. Darlys si mtu wa kuahidi kisha akaficha.

Mwaka huu gari lao dogo la zamani lilikufa. Si kila gari linakubali kukokotwa kwa magurudumu yake. Mengine gia huungulia ndani kabla hujafika mji wa pili. Darlys akasoma, akauliza, akanunua gari dogo la gia za kuingiza kwa mkono kutoka kwa mwalimu mmoja wa muziki. Akalipeleka karakana ya mjini wamfungie bamba la chuma chini ya pua, chuma cha kuvutia chenye miguu miwili, waya za taa, minyororo ya usalama, na kile kisanduku kinachokanyaga pedali ya breki gari kubwa linapopunguza mwendo.

Alipokwenda kulichukua, mwenye karakana alichungulia nyuma yake.

"Mzee yuko wapi, nimwonyeshe linavyofungwa?"

"Yuko kwenye kopo, kabatini, juu ya kitanda. Nikuletee?"

Yule bwana akacheka. Alipoona mwenzake hacheki, akawa mwekundu hadi masikioni. Kisha akamweleza kwa dakika tatu, polepole na kwa sauti kubwa, kama anayesema na kiziwi. Dakika tatu! Kwa chombo ambacho kikichomoka barabarani kinaua familia nzima inayokuja nyuma. Mteja aliyefuata alikuwa mwanamume, naye akaelezwa nusu saa, akapewa na kahawa.

Darlys hakugombana. Alichukua kitabu cha maelekezo, akakisoma mara mbili, akaandika hatua kumi na nne kwenye kadi ngumu. Ya tisa ilisema: *Gia huru. Breki ya mkono CHINI.* Akajizoeza mara kumi na moja, peke yake, akigusa na kutaja.

Kambi yao ya Cholla, huko jangwani, ina watu wa makundi mawili, nao hawachoki kutaniana. Kuna wanaokokota, kama Darlys, ambao gari dogo hufuata kwa miguu yake lenyewe. Na kuna wanaobeba, ambao hulipandisha gari dogo juu ya trela na kulifunga mikanda. Wanaokokota huwaita wenzao wabeba-mizigo. Wanaobeba huwaita wenzao wavuta-mbuzi. Kwa kuwa gari la juu ya trela halitakiwi kusogea hata kidogo, mbebaji akishamaliza, jambo la mwisho analofanya ni kuvuta breki ya mkono juu. Mkokotaji anafanya kinyume chake: anaishusha, magurudumu yazunguke.

Lakini makundi yote mawili yana sheria moja inayoheshimiwa kuliko wimbo wa taifa. Mtu anayefunga gari haongeleshwi. Hata kama nyumba yako inaungua, unasubiri anyanyuke. Nadine Furlong, jirani na shoga mkubwa wa Darlys, aliwahi kukaa dakika kumi na mbili na habari ya kuzaliwa kwa mjukuu wake mdomoni, akimsubiri mumewe Vern amalize pini ya mwisho.

Sheria hiyo, basi, ikamfikia Darlys na kugeuka hewa. Siku moja kabla ya kuondoka, saa nne asubuhi, alipiga magoti kwenye kokoto kufunga gari kwa safari fupi ya majaribio. Kwanza akaja Hoyt, mjane wa kiume wa mtaa wa pili, akasema, "Ee, kumbe leo kuna fundi mgeni!" Akaja mwingine akapendekeza achuchumae badala ya kupiga magoti. Wa tatu akataka kujua kama chuma si kizito. Wote hao wangemng'ata mtu ambaye angewafanyia wao hivyo.

Kisha akaja Roland Teasdale, mwenyekiti wa chama cha wanakambi, na kikombe chake cha kahawa. Alikuwa mtu wa trela kwa miaka ishirini.

"Habari ya kazi, mama?"

"Roland, nafunga."

"Endelea, endelea, sikusumbui. Ardell alikuwa akianza upande wa kulia, nakumbuka."

"Ardell hayupo. Nafunga."

"Najua, dada yangu. Sote tunamkumbuka."

Darlys akakaza midomo. Alikuwa amefika hatua ya kumi na moja, taa. Mwenye mwenza humtuma akanyage breki. Asiye na mwenza hukata mpini wa ufagio, akaubana kati ya kiti na pedali, kisha akatoka kuangalia. Akaingia kwenye gari-nyumba kuubana mpini wake. Ilimchukua kama dakika mbili, maana mara ya kwanza uliteleza. Aliporudi, taa za nyuma zilikuwa zinawaka vizuri, nyekundu mbili. Roland alikuwa bado yupo, ameegemea gari dogo, anapigapiga paa lake kama anayempongeza farasi.

"Uko salama sasa," akasema. "Nenda taratibu."

Akaenda taratibu. Kwenye kokoto za kambi hakuhisi kitu. Gari-nyumba la tani tisa halitambui kama linavuta gari au linavuta upepo. Kamera ya nyuma ilionyesha vumbi, na vumbi huko ni jambo la kila siku. Akatoka langoni, akaingia barabara ya lami, akaenda karibu kilomita mbili kabla ya dereva wa lori kumpigia honi na kumwonyesha nyuma kwa mkono wote.

Moshi. Magurudumu mawili ya nyuma ya gari dogo yalikuwa hayazunguki kabisa, yanaburutwa. Mpira ulikuwa umelika hadi nyuzi zimetokeza. Akafungua mlango. Breki ya mkono ilikuwa juu.

Akatoa kadi mfukoni. Hatua ya tisa ilikuwa na alama ya kalamu, yake mwenyewe, imekolezwa.

Ulizeni watu wazima wote waliowahi kufanya kazi ya kurudia kila siku: hakuna hofu kama ile. Ukikumbuka kuwa ulikosea, unajuta. Lakini kukumbuka waziwazi kuwa ulifanya, kidole bado kinausikia ubaridi wa kile kitufe, halafu macho yanakuambia hukufanya, hapo unaanza kujiogopa mwenyewe.

Nadine ndiye aliyempeleka mjini kutafuta matairi mawili.

"Shoga, ni matairi tu," Nadine akasema. "Vern wangu aliwahi kusahau kupandisha ngazi ya mlangoni, akaing'oa kwenye kituo cha mafuta. Tulicheka hadi Utah."

"Vern hajaahidi mtu kuuza nyumba yake."

"Trent si lazima ajue."

"Mimi nitajua."

Kwenye duka la matairi, kijana wa kaunta alikagua yale yaliyolika, akapiga mluzi. "Nani alikuwa anaendesha?"

"Mimi."

"Aaa," akasema kijana, na ile "aaa" ilikuwa hukumu kamili, yenye ushahidi na kifungo.

Saa kumi jioni kulikuwa na mkutano wa mwisho wa msimu, chini ya turubai, kila mtu na kiti chake cha kukunja na sahani ya chakula alicholeta. Darlys alikuwa ameoka mikate midogo ya sukari yenye kiini cha mbegu za mpopi, kama mama yake alivyooka. Watu walikula mikate hiyo huku wakimjadili. Roland alisimama.

"Sipendi kumsema mtu," akaanza, na ukisikia mtu ameanza hivyo ujue anayesemwa ameshakwisha. "Leo tumeponea chupuchupu. Mwenzetu mpendwa, akiwa na majonzi yake, amesahau breki ya mkono. Sisi ni familia. Napendekeza kuanzia kesho, wanaosafiri peke yao wakaguliwe langoni kabla hawajatoka. Nitakagua mwenyewe."

"Sikusahau," akasema Darlys.

"Ilikuwa chini au juu, mama?"

"Juu. Lakini niliishusha. Nina alama kwenye kadi."

"Kutia alama ni kitu kimoja, dada yangu. Kushusha breki ni kitu kingine."

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha huruma, ambacho kinachoma kuliko kile kingine.

Sasa tazama. Hoyt alikuwa amekaa pale pale. Mwaka jana Hoyt aliondoka na bomba la maji likiwa bado limechomekwa, akang'oa koki ya kambi nzima, watu hamsini wakalala bila kuoga. Alipewa nini? Alipewa jina la utani, Mfalme wa Maji, na wimbo. Naye anasafiri peke yake vilevile! Alinyanyua mkono kuunga pendekezo la Roland, na hakuna aliyecheka. Kosa la mwanamume liligeuka hadithi ya kunywea bia. La Darlys likageuka sheria.

Vern, mume wa Nadine, alijua. Alikuwa amekokota gari kwa miaka ishirini na mitano, akijua vizuri kuwa Roland hajui hata pini inaingia upande gani. Nadine alimsukuma kwa kiwiko, Vern akaangalia sahani yake. Mikono ikanyanyuka, ya Vern nayo.

"Na wewe?" Nadine akamwambia bila kushusha sauti. "Mkono huo uushushe mwenyewe au nikushushie?"

"Ni kukagua tu, mke wangu. Kuna ubaya gani?"

"Ungekubali Roland akukague wewe?"

Pendekezo likapita.

Jioni ile Darlys alimpigia Trent, simu ikaita hadi ikakata. Akashukuru, kisha akajichukia kwa kushukuru. Akaamua atampigia kesho akifika kituo cha kwanza. Kule kaskazini, kwenye kambi ya ziwani, walikuwa wanamngoja aanze kazi yake ya uangalizi ya kiangazi. Ingebidi awaambie nao wamtafute mtu mwingine. Na gari-nyumba lingewekwa bango la kuuzwa. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akagusa kila kitu alichoweza kukifikia, jiko, bawaba, taa, kabati, safari hii bila kutaja.

Asubuhi iliyofuata aliamka mapema, akafunga gari peke yake, na kila mtu akamwacha, labda kwa aibu, labda kwa kungoja akosee. Akagusa. Akataja. Tairi. Pini. Mnyororo. Gia huru. Breki ya mkono chini. Alipofika hiyo ya tisa aliirudia mara tatu, na alijidharau kwa kila mara.

Langoni mnyororo ulikuwa umefungwa. Nyuma yake magari-nyumba yalikuwa yameshapanga foleni hadi kwenye kona, maana siku hiyo nusu ya kambi ilikuwa inaondoka, na wenyewe walikuwa wameshuka wamesimama juani na vikombe vyao. Roland alikuwa pale na ubao wa kuandikia. Mbele ya Darlys alikuwa Hoyt. Roland alimshushia mnyororo, akampungia mkono apite bila hata kuutazama ubao, akaufunga tena.

"Yeye humkagui?" Darlys akauliza.

"Hoyt tunamjua," akasema Roland. "Zima injini, mama, ushuke."

Darlys akashuka. Roland akalizunguka lile gari dogo akiandika. Aliupiga teke mnyororo wa usalama, akaandika. Alikitazama kisanduku cha breki kama mtu anayetazama nyoka asiyejua kama ana sumu, akaandika. Kisha akafungua mlango wa dereva, akainama, akachungulia ndani, akatoa kichwa.

"Umeona!" akasema, na sauti yake ilikuwa ya ushindi. Aliwageukia watu wa foleni. "Mmeona nilichokisema jana? Breki ya mkono iko chini! Hivi hivi ndivyo nilivyoikuta jana asubuhi alipokwenda kuwasha taa. Nikamvutia mwenyewe. Sikutaka kumwaibisha, nikanyamaza. Kama nisingeivuta, sijui lingemponyokea hadi wapi!"

Vern alikuwa ameinua kikombe, kikabaki hapo hapo mbele ya mdomo. Watu waliokokota magari maisha yao yote walimtazama Roland, kisha wakatazama matairi mawili mapya, kisha ardhi. Darlys alishika kioo cha pembeni cha gari lake, akakikamata kweli, kwa nafuu iliyochanganyika na hasira, na hakujua ipi itatangulia kutoka.

Roland hakuona lolote kati ya hayo. Alitikisa kichwa kwa masikitiko, kama mzazi, akaubana ubao wake kwapani, akainama tena ndani ya gari dogo, akanyoosha mkono kuivuta ile breki juu.

"Usiguse!" ikapiga kelele foleni nzima, wanaume kwa wanawake, na wa mbele kabisa alikuwa Vern, kahawa imemmwagikia kifuani, anakimbia.